Kifungo cha Koti la Baba

Juzi kijana mmoja anayetembeza wageni alikuja kupumzika barazani kwangu na wazungu wake watatu. Sikuwakataza. Nyumba hii ya matofali nimeijenga mwenyewe kwa plamu na kabichi, mimi niliyeacha shule darasa la pili, na baraza nililifanya pana makusudi ili watu wakae. Lakini walipovua viatu nikasikia harufu. Mkojo wa popo. Harufu ile hupanda puani ikaganda nyuma ya macho, na ukishaijua hutaisahau. Nikajua walikotoka kabla kijana hajafungua mdomo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mmetoka Kisiwani."

"Duh! Umejuaje?" Akacheka, akawatafsiria wageni wake, nao wakacheka. "Sasa bibi, wewe ni mwenyeji. Hawa wanauliza habari za vigae vya mle pangoni. Mimi nimewaambia ni vya watu wa kale kabisa, kabla ya Mjerumani, kabla ya machifu. Nimesema kweli?"

Nikamtazama. Kijana msafi, amevaa kitambulisho shingoni, anatafuta riziki yake.

"Kweli," nikasema. "Vya kale."

Wakaondoka wamefurahi. Mimi chai yangu ilipoa mkononi. Nyinyi wa rika langu, mliolishwa bada, ugali wa muhogo, kutoka kwenye chungu cha udongo na mkajua sheria za nyumba za zamani, nitawaambia nilichomnyima yule kijana.

Kisiwani si kisiwa cha baharini. Ni kilima kilichosimama peke yake ng'ambo ya bonde letu, na asubuhi za baridi ukungu unapojaa bondeni mpaka kwenye kingo, kinabaki chenyewe juu ya weupe ule, hakina njia ya kwendea. Ndiyo maana wazee walikiita hivyo. Sisi watoto tulikatazwa kukichezea. Tuliambiwa kuna wenyewe, na ukiwauliza wakubwa hao wenyewe ni nani, unapewa kazi ya kuchota maji.

Nyumbani tulikuwa baba, mama, bibi mzaa baba, mimi, na mdogo wangu Hoza. Baba alikuwa mpasua mbao, mtu mrefu, wa koti moja la kijivu alilovaa kazini, kanisani na msibani. Bibi alikuwa mfinyanzi. Vyungu vyake vilijulikana mpaka soko la Lushoto kwa sababu ya ukucha. Ukucha wa dole gumba lake ulipasuliwa na shoka alipokuwa msichana, ukaota wenye panda, basi kila alipoutia kwenye udongo mbichi kuzungushia nakshi shingoni mwa chungu, uliacha alama kama unyayo wa kuku. Hakuna mwingine aliyeweza kuiiga. Mimi nilikuwa kipenzi chake. Aliniita mke mwenzangu, na alinisifu mbele ya watu: "Huyu ana jicho, huyu. Hakuna kinachompita." Nami nikavimba kichwa. Mtoto akisifiwa jicho, mdomo nao unataka sifa yake.

Kila asubuhi bibi alikuwa akimpakata Hoza na kumtia kidole kinywani. Akimpapasa ufizi wa chini, polepole, mwisho hadi mwisho, kisha anamrudishia mama. Mimi nilidhani anamlambisha chumvi. Nilitamani kuwa wa kwanza kujua kitu kabla yake, hivyo nami nikawa nampapasa Hoza kwa siri mama akienda shambani. Siku moja kidole changu kikakwaruzwa. Nikamfunua mdomo. Kitu cheupe, kidogo kama chembe ya mchele.

Nikatoka mbio mpaka uani, bibi akiwa na majirani wawili.

"Bibi! Hoza ana jino! Nimeliona mimi!"

"Ehee! Mke mwenzangu huyo!" Bibi akapiga makofi. "La wapi? Chini?"

"Juu!"

Majirani wakainuka mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akasema ana jambo jikoni kwake. Bibi aliinamia udongo wake, akaendelea kuukanda muda mrefu, udongo ambao ulikuwa umeshakandika.

Mnajua. Na asiyejua nitamwambia wazi: mtoto aliyeanza kuota meno ya juu aliitwa kigego, na wazee waliamini kuwa kila akibadilisha jino mtu mmoja wa nyumba hiyo atakufa. Zamani hakuachwa akue. Wakati wangu serikali ilikwisha kataza, kanisa lilikwisha kataza, na nyumba nyingi zilikwisha acha, walimtafutia mtoto dawa wakaendelea kumlea. Yetu haikuacha. Lakini hayo niliyajua baadaye. Nilichojua wakati ule ni kwamba kesho yake mama alilia, na baba akamwambia mbele yangu kwamba mtoto wa namna hii halelewi na mama yake mpaka abadilishe meno. Atapelekwa Korogwe kwa shangazi, atakua huko, atarudi mzima. Mama akauliza, "Unaapa?" Baba akasema, "Naapa." Mama alijua njia nyingine ni ipi, kwa hiyo hii ya Korogwe aliipokea kama mtu aliyepewa zawadi.

Mimi nikaona wivu. Nilidhani Hoza amezawadiwa safari ya gari kwa sababu ya jino lile nililoliona mimi. Nikamtungia ushanga wa kiunoni, wa buluu na mweupe, avae kwa shangazi. Shanga zikapungua. Nikachukua kisu, nikakata kifungo cha juu cha koti la baba, cha shaba, nikakitia katikati. Baba alipogundua hakunipiga. Alikitazama kifungo kiunoni mwa mtoto, akatazama pembeni, akambeba, wakaondoka na bibi alfajiri.

Zikapita mvua za vuli mbili na za masika mbili. Mama alikuwa akifuma kofia za sufu, kwa uzi wa masweta yaliyofumuliwa. Kofia nyekundu, kisha kubwa zaidi ya kijani. Kila baba aliposhuka Mombo na mbao, njia ya Korogwe, mama alimpa mzigo mdogo wa Hoza. Na kila aliporudi mama alisimama mlangoni.

"Anaendeleaje?"

"Anasimama sasa."

Safari nyingine, "Anatembea." Safari nyingine, "Anajua kusema maji." Mama alikwenda nyuma ya nyumba kucheka peke yake, akirudia, "Maji! Mwanangu anasema maji!"

Ndipo wakaja wageni. Mzungu mmoja mzee, kofia ya majani, na karani wa kutoka Tanga aliyekuwa akimtafsiria. Walikuwa wakitafuta mahali watu wa kale walipoishi na kuyeyusha chuma. Jumbe akamtaja baba, kwamba ukoo wake ni wa wahunzi na anajua kila jiwe. Baba akatakiwa kuwaongoza kwa siku moja, kwenda na kurudi. Bibi alisikia akiwa anafinyanga. "Wapeleke chini," akasema bila kuinua macho. "Juu wasifike." Mama akapika bada na maharage, nikabebeshwa kapu kichwani niwafuate.

Mpaka leo naikumbuka sehemu ya kwanza ya siku ile kwa furaha, Mungu anisamehe. Tulishuka bondeni ukungu ukiwa bado, nikaona miguu ya baba tu mbele yangu na mwisho wa koti lake. Tulipovuka mto na kuanza kupanda Kisiwani, tukatokea juani ghafla, na nyuma yetu hakukuwa na kijiji wala shamba, weupe mtupu. Karani akasema, "Loo, kama tumehama dunia." Baba akawa mtu mwingine. Huyu mtu wa maneno machache akaanza kufundisha. Akawaonyesha mabonge meusi mazito yenye matundu, yametapakaa kwenye mteremko.

"Haya ni mavi ya chuma."

Nikacheka mpaka kapu likaniyumba. "Baba, chuma nacho kinakwenda chooni?"

"Kinakwenda, ukikilisha mkaa," baba akasema, na karani alipotafsiri mzungu akacheka pia. Baba akawaonyesha vipande vya mirija ya udongo iliyopitisha upepo wa mivukuto, na mashimo ya tanuri yaliyofunikwa na majani. "Babu wa babu zangu walipuliza hapa," akasema, akiweka mkono kifuani, pale penye uzi mtupu usio na kifungo. Mzungu aliandika, akapima kwa kamba, akaokota vigae akivifunga kwenye karatasi kama mayai. Sijawahi kumwona baba anaheshimiwa vile. Nilisema moyoni, huyu ni baba yangu.

Tulikula. Baba akasema kazi imekwisha, tushuke. Lakini upepo ukageuka, na mzungu akainua pua. Akasema neno moja. Karani akatafsiri: "Anasema popo. Penye popo pana pango."

"Pango hakuna."

"Mghosi, mzee wangu, hata mimi nanusa."

"Kuna chatu," baba akasema. "Na jiwe linateleza. Mtaumia."

"Huyu ni mgeni wa serikali," karani akasema, sauti imebadilika. "Ukificha nitasemaje ofisini?"

Baba akamtazama yule mzungu, ambaye alikwisha kuanza kupanda akifuata harufu, mzee yule, akishika mizizi. Baba akaniambia, "Wewe baki hapa na kapu." Sikubaki. Jicho langu halikuzoea kupitwa.

Mdomo wa pango ulikuwa mwembamba, tukaingia kwa ubavu. Ndani baridi, na harufu ile ikatupiga. Mzungu akawasha kurunzi. Kwenye ukingo wa jiwe, pembeni, palikuwa na chungu kimefunikwa kwa kigae. Mzungu akapiga magoti. Akakigusa kama anayegusa shavu la mtoto aliyelala. Akazungumza haraka haraka.

"Anasema hajapata kuona kizima namna hii," karani akasema. "Anasema huenda ni cha miaka mingi sana."

Mwanga ukapita kwenye shingo ya chungu. Nyayo za kuku.

"Hicho ni cha bibi!" nikasema.

Karani akaangua kicheko, akatafsiri. Mzungu akacheka akanipapasa kichwa. "Anasema ndiyo, cha bibi wa bibi wa bibi yako."

"Si cha bibi wa bibi. Cha bibi! Baba, mwambie!"

Baba alikuwa amesimama mlangoni mwa pango, ameziba mwanga.

Mzungu akakiinua chungu akiegemeza kwenye goti. Kilipoinama, kigae kikateleza na kitu kikaanguka, kikalia kwenye jiwe, kikaviringika mpaka kwenye kidole changu cha mguu. Nikakiokota. Wakati huo kurunzi ikamulika nyuma ya pale chungu kilipokuwa. Palikuwa pamepangwa vitu, kwa utaratibu, kama kabatini. Kofia nyekundu. Juu yake kofia ya kijani. Kishati kilichokunjwa mara nne. Vyote vimeota ukungu mweupe, lakini nilivijua uzi kwa uzi, nilikuwa nimeshika mwisho wa nyuzi zile mama akizikunja.

Mzungu akachungulia ndani ya chungu, mara moja tu. Akavua kofia yake ya majani, akakifunika chungu nayo. Kisha akanitazama mkononi, kwenye kifungo, akainua macho taratibu mpaka kwenye koti la baba.

Wote watatu walielewa. Mimi nilielewa vyangu. Kofia za Hoza ziko hapa, basi Hoza yuko hapa! Amerudishwa kutoka Korogwe, anafichwa hapa karibu, labda ni mchezo, labda anangojwa abadilishe jino la mwisho. Nikapaza sauti kuelekea gizani:

"Hoza! Hoza, toka! Mimi dada yako!"

Popo wakafumuka. Mamia, juu ya vichwa vyetu, wakatoka kupitia mlango alipokuwa baba, wakampiga usoni na kifuani, naye hakuinua hata mkono.

Mzungu alikirudisha chungu mahali pake kwa mikono miwili. Akasema maneno machache. Karani hakutafsiri mpaka tulipofika nje, na hapo sauti yake ilikuwa ndogo. "Anasema hiki si cha kale. Anasema pole." Akatema mate chini. "Mimi sisemi pole." Tukashuka mpaka mtoni. Pale baba akachuchumaa mbele yangu, akanishika mabega. Mikono yake ilikuwa inanuka popo.

"Usimwambie mama yako."

Nikaitikia kwa kichwa. Yeye akaendelea na wageni mpaka barabarani, penye gari lao, mimi nikashika njia ya nyumbani na kapu tupu. Nilikaza mwendo. Kisha nikakimbia. Mtanisema, lakini nawauliza, mtoto wa miaka minane aliyebeba habari njema kuliko zote, na mama amemngojea yule mtoto mvua nne, angenyamazaje?

Mama alikuwa anachambua maharage mlangoni.

"Mama! Hoza hayuko Korogwe! Yuko Kisiwani! Nimeona kofia zake zote!"

Nikamwekea kifungo kiganjani.

Alikitazama. Akakigeuza. Kwenye tundu kulikuwa bado na uzi, na ushanga mmoja wa buluu.

"Kofia zake," akasema. "Zilikuwa wapi?"

"Pangoni. Nyuma ya chungu cha bibi."

Niliona uso wa mama ukitoka pale ulipokuwa, sijui niseme vipi. Aliyeninyonyesha alitoka, akabaki mtu. Aliweka ungo chini bila kumwaga hata punje. Akachukua kanga na ngata. Bibi alikuwa uani, amezungukwa na vyungu vibichi kumi na kitu vinavyokauka. Mama akapita mbele yake, wala hakumsalimu. Ndiyo mara ya kwanza kumwona mtu akimpita bibi bila kumsalimu, na nikaogopa kwa hilo kuliko mengine yote.

Alirudi jua linazama, chungu kichwani. Hakukishika hata kwa mkono mmoja, shingo yake imenyooka kama anatoka kisimani. Baba alikwisha rudi, alikuwa amekaa ukutani. Mama akakitua chini mbele ya bibi.

"Viko vingine ndani zaidi," akasema. "Nimehesabu vitatu."

"Cha kushoto kabisa ni changu," bibi akasema. "Alikuwa wa kike. Nilimpeleka mwenyewe, kwa mikono hii, mume wangu yuko nyuma. Sikulia, nikarudi nikapika. Ndiyo maana huyu akakua." Akamwonyesha baba kwa kidevu.

Mama akavua kandambili. Akaingia katikati ya vyungu vibichi, akakikanyaga cha kwanza, kikalala. Akakanyaga cha pili. Hakufanya kwa hasira, alikwenda kwa mstari kama mtu anayepanda mahindi. Bibi aliangalia kazi yake ya mwezi mzima ikirudi kuwa udongo. Hapo tu, nikiangalia miguu ya mama, ndipo nikajua ndani ya kile chungu mna nini, na nani aliyesema "Juu!" siku ile uani.

Hoza alizikwa migombani, nyuma ya jiko. Mama alichimba mwenyewe, baba alipoinuka kusaidia mama alimtazama tu akakaa. Wiki ile mama alichukua sindano, akakishona kile kifungo kwenye koti la baba, mahali pake pale pale, kwa uzi mara mbili. Baba alilivaa koti hilo kila Jumapili mpaka alipokufa. Sikumwona akikifunga hata siku moja. Bibi hakufinyanga tena. Wateja walipokuja alisema udongo umekataa. Mama alitupikia kwenye sufuria na makopo, na bibi akala humo humo, wakaishi hivyo nyumba moja miaka yote.

Mama hakunilaumu wala hakunipoza. Jambo lile halikutajwa kati yetu, na mimi nikawa mtu wa kazi, kwa sababu mtu wa kazi hasemi sana. Nikaolewa, nikazaa wa kwanza. Mama mkwe wangu, mwanamke mwema wa kanisani, hata hivyo kila asubuhi alikuwa akinyoosha mkono: "Hebu nimpakate." Nami nilikuwa nampa, macho yangu kwenye kidole chake. Mtoto alipotimiza miezi saba, usiku mmoja alilia, nikampapasa. Juu. Moja, kali kama mwiba.

Kulipokucha nikamtuma mtu akamwite mama. Alifika saa nne, hajala, vumbi mpaka magotini. Mama mkwe na majirani walikuwa uani. Nilimpa mtoto tu. Akakaa, akamfungua mdomo, akatia kidole. Nikaona kidole kinapanda juu, kinasimama. Akaniangalia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile kuniangalia hivyo, machoni, kwa muda.

Akatoa kidole, akakifuta kwenye kanga.

"Chini!" akapaza sauti kuelekea uani. "Jino la chini! Mbona mmekaa, wakwe zangu? Bandikeni mchele!"

Mama mkwe akapiga vigelegele. Mama akamfunga mtoto mgongoni mwake yeye, akamfunika kanga mbili, akatangaza kuwa mjukuu wake wa kwanza ataondoka naye akamwonyeshe kwao. Alikaa naye mpaka meno yote yakajaa.

Mwanangu huyo sasa ana mvi. Meno ya juu bado anayo yote.